Kwa nini sitini na sitini haiwi mia na ishirini

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha sita, mchepuo wa PCM. Tumebishana bwenini mpaka taa zikazimwa. Chombo kimoja kikiondoka kituoni kuelekea kulia kwa asilimia 60 ya kasi ya mwanga, na kingine kuelekea kushoto kwa kasi hiyohiyo, si vinaachana kwa asilimia 120? Mbona tunaambiwa hakuna kinachoupita mwanga? Na kama mwendo wote ni wa kulinganisha, kipi hasa kinatembea na kipi kimesimama?"

Marahaba. Nianze kwa kuwatuliza: hesabu yenu ya bwenini ni sahihi. Aliyebaki kituoni, akipima kulia na kushoto, atakuta nafasi kati ya vyombo hivyo viwili inapanuka kwa mara 1.2 ya kasi ya mwanga, na hakuna kanuni ya fizikia iliyovunjwa. Hakuna kitu kimoja hapo kinachokwenda 1.2. Viko viwili, kila kimoja kinakwenda 0.6, na mtu wa tatu anajumlisha akiwa pembeni.

Kosa linaingia pale mnapoichukua ile 1.2 na kumkabidhi abiria wa chombo cha kushoto: "Haya, hii ndiyo kasi ya mwenzako ukimpima wewe." Hapana. Hiyo ni mali ya yule wa kituoni. Abiria akipima mwenyewe atapata 0.88 na kidogo. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza chuoni niliandika kwenye mtihani kwamba jibu ni 1.2, kwa hiyo swali lina makosa. Nilipewa sifuri, na nilistahili.

Kasi ni umbali ukigawanya kwa muda. Darasani hatuulizwi umbali umepimwa kwa rula ya nani na muda kwa saa ya nani, maana barabarani haina tofauti. Chukua mabasi mawili barabara ya Morogoro yanayokuja uso kwa uso, kila moja kilomita 80 kwa saa. Mtoto wa darasa la saba anajumlisha, anapata 160, anapewa vema. Kwa ukali wa hesabu, dereva mmoja akimpima mwenzake angepaswa kupata pungufu kidogo ya 160. Nimelipiga hilo pungufu: kwa saa nzima ya kukaribiana halifiki nanomita 1, yaani upana wa atomu chache zilizopangwa mstari. Hakuna trafiki atakayeligundua.

Lakini lipo. Ndiyo maana kila kasi unayotajiwa, uulize kwanza ni ya nani. Mtu mwenye rula zake, na saa zake alizozioanisha na kuzipanga kila mahali anapotaka kupima, anayekwenda mwendo uleule bila kuongeza, kupunguza wala kukata kona, ndiye vitabu vinamwita fremu ya marejeo. Si fremu za kupangisha duka, ingawa hata hizo zina wenyewe.

Sasa tuingie kazini. Jambo moja tu nitawaomba mlikubali bila kulithibitisha hapa: kila mtu akipima mwanga kwa rula yake na saa yake hupata kasi ileile, mita 299,792,458 kwa sekunde, hata kama taa iliyoutoa ilikuwa inamjia au inamkimbia. Siwaombi imani ya bure. Mwaka 1964 pale CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo karibu na Geneva, walichukua chembe ziitwazo pioni zilizokuwa zikikimbia kwa asilimia 99.975 ya kasi ya mwanga. Pioni hizo huvunjika na kutoa mwanga wa gama kwenda mbele. Kwa hesabu ya mabasi, mwanga huo ungekwenda karibu mara mbili ya kawaida. Wakaupima. Ulikuwa na kasi ileile ya siku zote.

Tuwape watu majina. Asha yuko kwenye chombo cha kushoto, Baraka cha kulia, Chausiku amebaki kituoni. Wote watatu wanapishana mahali pamoja, wanaanzisha saa zao kwenye sifuri, kisha kila mtu na njia yake: Asha 0.6 kushoto, Baraka 0.6 kulia. Umbali tuupime kwa sekunde ya nuru, yaani safari ya mwanga ya sekunde moja, kama kilomita laki tatu. Kwa kipimo hicho kasi ya mwanga ni 1, na hesabu inakuwa nyepesi.

Saa ya Asha ikifika sekunde 1, anawasha tochi na kuzima. Mmweko mmoja tu, unaelekea kulia. Tuufuate.

Unapita kituoni saa ya Chausiku ikionyesha sekunde 2. Kwa nini 2? Kwa vipimo vya Chausiku, saa ya Asha inachelewa kwa kiasi cha 1.25 (mnakijua: 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 1 toa 0.36). Kwa hiyo Asha alipowasha, Chausiku alikuwa na sekunde 1.25, na Asha alikuwa umbali wa 0.75. Mmweko ukatumia sekunde 0.75 kufika. Jumla 2. Sekunde ya kwanza ya Asha imekuwa sekunde ya pili ya Chausiku. Imezidishwa mara mbili.

Hapa ndipo penye utamu. Chausiku na Baraka wanaachana kwa 0.6, sawasawa na Asha na Chausiku. Hakuna fremu yenye upendeleo, basi na mmweko utazidishwa vilevile: ulipita kwa Chausiku kwenye 2, utamfikia Baraka saa yake ikionyesha 4. Baraka ana kioo. Mmweko unarudi. Kituoni unapita saa ya Chausiku ikionyesha 8. Kwa Asha unafika saa yake ikionyesha 16.

1, 2, 4, 8, 16. Njia hii ya kuzidisha aliipigia debe sana Hermann Bondi, mwanahisabati aliyefundisha London, na sijaona iliyo safi kuliko hiyo kwa mtu ambaye hajazoea aljebra ya Lorentz, ile ya kubadili vipimo vya fremu moja kuwa vya nyingine.

Sasa Asha anakaa na kalamu yake. Hahitaji kumuuliza mtu. "Nimeutuma kwenye 1, nimeupokea kwenye 16. Umesafiri sekunde 15 kwenda na kurudi. Mwanga kwangu una kasi 1 kwenda na 1 kurudi, kwa hiyo umbali ni nusu yake, 7.5. Na uligonga kioo katikati ya muda huo, nilipokuwa kwenye sekunde 8.5." Baraka ameondoka naye kwenye sifuri, na kwenye sekunde 8.5 yuko umbali wa 7.5. Gawanya: 0.882. Chini ya 1.

Na mwone kwamba haitafika 1 kamwe. Badala ya 16 weka namba yoyote, hata milioni. Umbali ni milioni toa moja, nusu yake; muda ni milioni jumlisha moja, nusu yake. Cha juu siku zote kimepungukiwa na cha chini. Ili Baraka aupite mwanga kwa kipimo cha Asha, ingebidi mmweko usirudi kabisa, lakini sisi tumeufuata kwa mkono ukarudi.

Wengi wangeishia hapo na kusema: "Mnaona, saa zinachelewa na rula zinafupika, ndiyo maana." Maelezo haya nayasikia kila mwaka, na yananikera kidogo, kwa sababu si kweli kwamba hilo ndilo linaloiokoa kasi ya mwanga hapa. Angalieni namba.

Kwa Chausiku, mmweko ulimgonga Baraka kwenye sekunde 5, Baraka akiwa 3 kulia na Asha 3 kushoto. (Hakikisheni: ulipita kituoni kwenye 2, ukamfukuza mtu anayekwenda 0.6, ukamkuta kwenye 5.) Kwa hiyo Chausiku anasema: umbali kati yao 6, muda 5, kasi ya kuachana 1.2. Asha anasema: umbali 7.5, muda 8.5. Sasa 6 ukiizidisha kwa 1.25 unapata 7.5 barabara. Lakini 5 ukiizidisha kwa 1.25 unapata 6.25. Kama kuchelewa kwa saa na kufupika kwa rula ndiyo yangekuwa mambo yote, Asha angegawanya 7.5 kwa 6.25, na angepata nini? 1.2 ileile! Ile 1.25 iko juu na iko chini, zinafutana.

Kinachoiokoa ni zile sekunde 2.25 zilizozidi, kati ya 6.25 na 8.5. Zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye maneno mawili tunayoyatumia bila kufikiri: "sasa hivi". Chausiku anaposema "Baraka alipogongwa na mmweko, saa yangu ilikuwa 5", yeye hakuwa kule. Ana saa nyingine aliyoiweka umbali wa 3 upande wa kulia, na ndiyo iliyosoma 5 Baraka alipoipita. Anaamini saa hiyo na ile ya kituoni zinakwenda pamoja kwa sababu alizioanisha kwa uangalifu: aliweka taa katikati, akaiwasha, mwanga ukaenda pande zote mbili, kila saa ikaanza ulipoigusa. Umbali sawa, kasi sawa, zimeanza pamoja. Hakuna udanganyifu.

Asha alipoliangalia zoezi hilohilo akatikisa kichwa. Kwake yeye kituo, taa na saa zote mbili vinakwenda kulia kwa 0.6. Saa ya kituoni iko nyuma, inauendea mwanga unaokuja na kukutana nao mapema. Saa ya mbali iko mbele, inaukimbia mwanga, kwa hiyo mwanga unaifikia kwa kuchelewa. Na kwa kuwa kwake pia mwanga una kasi 1 tu, si zaidi upande mmoja na pungufu upande mwingine, hakuna cha kufidia. Hitimisho la Asha: saa ya mbali ya Chausiku imeanzishwa kwa kuchelewa, iko nyuma ya ile ya kituoni kwa sekunde 1.8 (hiyo ni 0.6 mara umbali wa 3). Saa ya mbali iliposoma 5, ya kituoni ilikuwa tayari 6.8. Zidisha 6.8 kwa 1.25, unapata 8.5. Zile sekunde 2.25 ni 1.8 mara 1.25.

Hii isichanganywe na saa za Kiswahili na saa za Kizungu, ambako mmoja anasema saa mbili na mwingine anasema saa nane, unaongeza sita mambo yanaisha. Wale wawili wanakubaliana tukio gani limetokea pamoja na lipi. Wanatofautiana majina tu. Asha na Chausiku wanatofautiana kuhusu matukio yenyewe: kioo cha Baraka kumeta, na saa ya kituoni kusoma 5, je, yalitokea kwa pamoja? Chausiku anasema ndiyo. Asha anasema saa ya kituoni ilishaipita 5 zamani. Hakuna wa tatu mwenye saa kuu atakayeamua.

Ukiyakusanya hayo kwenye mstari mmoja, unapata kanuni ya kitabuni: jumlisha kasi mbili, kisha gawanya kwa 1 jumlisha zao la kasi hizo mbili, zote zikiwa zimepimwa kwa kasi ya mwanga. Kwetu ni 1.2 gawanya kwa 1.36, jibu 0.882. Ile 0.36 ndiyo alama ya ugomvi wa "sasa hivi". Kwenye mabasi ya Morogoro ni namba yenye sifuri kumi na nne baada ya nukta kabla ya tarakimu ya kwanza, ndiyo maana hatujawahi kuiona tangu tuanze kutembea. Na mkitaka kuijaribu kanuni, wekeni mwanga wenyewe, 1, pamoja na 0.6: juu 1.6, chini 1.6.

Msidhani Einstein aliitoa hii hewani mwaka 1905. Kujumlisha kasi kwa kawaida kulishakataa kwenye maabara muda mrefu kabla yake, ila hakuna aliyejua ni kujumlisha ndiko kulikokataa. Mwaka 1851 Mfaransa Hippolyte Fizeau alipitisha mwanga kwenye mabomba ya maji yaliyokuwa yakikimbia kama mita 7 kwa sekunde. Ndani ya maji yaliyotulia mwanga huenda kwa takriban robo tatu ya kasi yake. Maji yakitembea, ungetegemea yaubebe, kama mto unavyobeba mtumbwi, kwa kasi yote ya maji. Fizeau akakuta umebebwa kwa chini ya nusu ya kasi hiyo, kama 0.44. Ikaonekana inathibitisha maelezo aliyokwisha kuyatoa Mfaransa Augustin Fresnel mwaka 1818: kwamba etha, kitu kilichodhaniwa kujaa kila mahali na kubeba mwanga, inaburutwa nusunusu. Mwaka 1907 Max von Laue akachukua kanuni ya Einstein, akaweka 0.75 na kasi ya maji, na ile 0.44 ikajitokeza yenyewe bila etha wala kuburutwa. Jaribuni: 1 toa mraba wa 0.75. Mistari mitatu ya aljebra.

Leo mfano wenu upo kweli, chini ya ardhi, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi. Katika mtambo mkubwa wa CERN, kwenye duara la takriban kilomita 27, makundi ya protoni yanazungushwa pande mbili na kugonganishwa uso kwa uso. Tangu 2022 kila protoni ina nishati ya TeV 6.8 (TeV ni kipimo cha nishati ya chembe). Ukipiga hesabu, protoni kama hiyo imepungukiwa na mwanga kwa karibu mita 2.9 tu kwa sekunde, mwendo wa mtu wa mchakamchaka asubuhi. Wahandisi waliosimama pale wanasema protoni zinakaribiana kwa karibu mara mbili ya kasi ya mwanga, na wako sahihi, ni namba yao. Lakini kwa kipimo cha protoni mmoja, mwenzake bado amepungukiwa na mwanga. Kwa kiasi gani? Karibu nanomita 14 kwa sekunde. Ukucha wa kidole chako unakua kama nanomita 1 kwa sekunde. Kwa hiyo kugonganisha uso kwa uso kumepunguza pengo kutoka mwendo wa mchakamchaka hadi mara kumi na kitu ya kukua kwa ukucha, na pengo bado lipo.

Mtauliza: kama faida ya kasi ni ndogo hivyo, kwa nini wanahangaika na pande mbili? Kwa sababu nishati ya mgongano haifuati kasi kwa ulaini huo. Protoni ya TeV 6.8 ikigonga protoni iliyotulia, nishati inayobaki kwa kutengeneza chembe mpya ni kama TeV 0.11 tu, nyingine inapotelea kwenye kusukuma mabaki mbele. Uso kwa uso unapata TeV 13.6 zote.

Swali lenu la pili, nani anatembea kweli? Galileo alishalijibu mwaka 1632 kwa mfano wa meli: jifungie chumba cha chini, meli iende shwari, na inzi watazunguka na maji yatadondoka kwenye chupa vilevile kama mkiwa bandarini. Hakuna jaribio la ndani litakalokwambia meli inakwenda. Einstein aliongeza kwamba hata majaribio ya mwanga hayatakwambia. Asha ana haki kamili ya kusema yeye katulia na kituo ndicho kinachomkimbia kwa 0.6, na kila namba niliyoandika hapo juu itatoka vilevile. Hata "kituo" ni jina tu. Hapo ulipokaa sasa unasonga kilomita 30 kwa sekunde kulizunguka Jua, na umesoma aya hii bila kushika kiti.

Ila msivuke mpaka na kusema kila kitu ni cha kulinganisha. Mchapuko, yaani kubadili kasi au mwelekeo, sivyo. Dereva wa daladala akikanyaga breki, abiria waliosimama ndio wanaokwenda mbele, watu wa kituoni hawayumbi. Asha akigeuza chombo ili amfuate Baraka, yeye ndiye atakayebanwa kwenye kiti, na kuanzia hapo haki yake ya kusema "mimi nimetulia muda wote" imekwisha. Mafumbo mengi ya mapacha mnayobishania (mmoja akisafiri na kurudi, nani kazeeka zaidi?) yamefichwa kwenye hatua hiyo ya kugeuza.

Kazi ya bwenini kesho, kabla taa hazijazimwa: vyombo viachane na kituo kwa 0.8 kila kimoja. Sasa mmweko hauzidishwi mara mbili, unazidishwa mara tatu: 1, 3, 9, 27, 81. Asha ametuma kwenye 1 na kupokea kwenye 81. Mkipata 40 juu ya 41, mmepatia. Mkipata 1.6, mwulizeni aliyepata ni saa ya nani aliyoitumia.